Kivuli Chenye Mwenyewe

Lodwar, kijani hakifichiki. Ukuta wa mawe huweza kuficha gari, jenereta, hata tangi la maji. Lakini mgomba ukishapita kimo cha ukuta, majani yake yanaonekana kutoka barabarani, na kila apitaye anajua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna maji. Katika mji unaopata mvua ya kiasi cha milimita 200 tu kwa mwaka, na ambao joto la mchana hupita nyuzi 30 mwaka mzima, bustani iliyosheheni majani humtangaza mwenyewe. Humwambia jirani: humu yumo mtu anayeweza kumwaga maji ardhini.

Bustani za namna hiyo zipo. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 na Lodwar ikawa makao makuu ya Kaunti ya Turkana, mji umepanuka, nyumba za mawe zimejengwa, na nyuma ya kuta zake watu wamepanda wanachokipenda: migomba, mipapai, bogenvilia, maua ya majani mapana ambayo bibi zao hawakuyajua. Mwenye nyumba akirudi kazini jioni huketi katikati ya msitu wake mdogo, na kwa saa moja jua la Turkana linakuwa jambo la watu wengine.

Kuna wazo ambalo nimelifikiria sana. Mwenye bustani kama hiyo aifungue siku moja kwa wageni. Watu waingie kwa kiingilio kidogo, wanywe chai chini ya migomba, na fedha zitakazopatikana zipelekwe kwa wenye shida. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Lakini kila mahali pana namna yake ya kufungua lango, na Turkana ilikuwa na yake kabla ya mtu yeyote kujenga ukuta wa mawe Lodwar. Nataka kuzitazama njia hizo mbili, ile iliyotoka mbali na ile iliyozaliwa kando ya mto Turkwel, kwa sababu naamini ya pili ina jambo kubwa la kuifundisha ya kwanza.

Ile ya mbali ina historia inayojulikana. Mwaka 1926, huko Uingereza, taasisi iliyokuwa ikiwagharamia wauguzi wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, wakiwahudumia wagonjwa maskini, ilikuwa ikitafuta fedha. Mjumbe mmoja wa baraza lake, Elsie Wagg, akatoa shauri: nchi imejaa bustani nzuri ambazo hakuna azionaye ila wenyewe na marafiki zao, mbona zisifunguliwe, na kila aingiaye alipe shilingi moja? Mwaka 1927 zilifunguliwa bustani 609, zikakusanya zaidi ya pauni 8,000. Desturi hiyo iko hai hadi leo. Maelfu ya bustani hufunguliwa kila mwaka, na fedha zake huwafikia wauguzi na wagonjwa, wakiwamo wa saratani. Huwezi kuwasikia watu waliolitenda jambo hilo kwa karibu miaka mia ukakosa kuwaheshimu.

Miongoni mwa bustani hizo zimo zinazopendwa kwa ugeni wake. Nyuma ya nyumba ya kawaida ya mjini London mtu amepanda migomba, mianzi na makangaga marefu kama miti, akaifanya njia ya kupita katikati iwe nyembamba ili majani yamguse mgeni begani. Baridi inapokaribia huyafunga mashina ya migomba kwa nyasi kavu na nguo, barafu isije ikayaua. Mgeni huingia akitoka kwenye lami yenye mvua, na kwa hatua chache anajiona yuko nchi nyingine. Kiingilio alicholipa ni bei ya mshangao huo.

Tuuchukue sasa mgomba uleule tuulete Lodwar. Asili yake ni kusini mashariki mwa Asia. Ni mgeni London na ni mgeni Turkana. Kule adui yake ni barafu, hapa ni jua na upepo unaoyachana majani. Kule mvua hunyesha bila mtu kuigharamia. Hapa kila mgomba hunywa maji ambayo mtu ameyapima, ya bomba, ya kisima au ya mtungi uliobebwa kichwani. Kwa hiyo anayeingia kwenye bustani ya Lodwar huona maji kabla ya kuona majani. Kama ametoka mahali ambapo wanawake huchimba mchanga wa mto mkavu wakisubiri maji yachuruzike chini ya shimo, hawezi kustaajabu kwa namna ya mgeni wa London. Bustani inayomburudisha mmoja inaweza kumuumiza mwingine, na mwenye bustani anayetaka kutenda wema hana budi kulijua hilo kabla hajafungua lango.

Njia ya pili ni ekwar.

Ukiufuata mto Turkwel kutoka Lodwar, ama kuelekea milimani ulikotoka ama kuelekea ziwani, utatembea ndani ya ukanda wa msitu. Kuna ewoi, ambao ni mgunga. Kuna eng'ol, mkoma ambao wanawake husuka vikapu kwa makuti yake. Kuna edome, kuna esekon wa kupigia mswaki, kuna ekalale, yaani mkunazi. Mpita njia akiutazama msitu huu huona pori. Hakuna ua wala nguzo ya mpaka wala bango. Lakini sehemu zake kubwa zina wenyewe. Familia ina kipande chake kinachoanzia ukingoni mwa mto, na mipaka yake inajulikana kwa miti na kwa kumbukumbu ya wazee. Kipande hicho ndicho ekwar, nacho hurithiwa. Edmund Barrow, aliyefanya kazi ya misitu pamoja na Waturkana katika miaka ya 1980, alieleza mwaka 1990 jinsi haki hizo zilivyokuwa zikitenda kazi, wakati ambapo wataalamu wengi walikuwa bado wanaamini kwamba ardhi ya wafugaji haina mwenyewe.

Kinachomilikiwa katika ekwar ni kile ambacho mti unatoa. Zaidi ya yote ni maganda ya ewoi, ngitit, yanayoanguka wakati nyasi zimekwisha, na ambayo huwaokoa mbuzi na kondoo mpaka mvua irudi. Kuna matunda pia, na majani, na kivuli. Mvua ikiwa imenyesha na malisho yakiwa kila mahali, watu hupita na mifugo yao bila vikwazo vingi. Kiangazi kikikaza, haki ya mwenyewe nayo hukaza. Hapo anayetaka kulisha mbuzi wake au kuokota maganda huenda kwa mwenyewe akaomba ruhusa. Mwenyewe si rahisi akatae, hata kama alichonacho ni kidogo, maana katika nchi hii mvua hainyeshi kwa usawa: mwaka huu imempita jirani, mwaka ujao itampita yeye. Pakizuka ugomvi, wazee huketi chini ya mti wa wanaume, penye baraza lao, wakausikiliza hadi mwisho.

Naona katika mpango huu hekima ambayo bustani ya hisani bado haijaifikia. Bustani ya London hufunguliwa inapopendeza, juma ambalo maua yamechanua. Ekwar hupata maana yake pale ambapo dunia imekuwa mbaya kabisa. Mwenyewe huichunga mwaka mzima, hukataza matawi yasikatwe ovyo, huikinga miche isiliwe, ili siku ya njaa pawe na kitu cha kuombwa. Kuichunga na kuifungua ni kazi moja. Asiyechunga wakati wa neema hana cha kufungua wakati wa dhiki. Na anayefunga wakati wa dhiki amepoteza sababu ya kuchunga kwake kote.

Kuombwa kwenyewe kuna uzito wake. Aliyewahi kuishi na Waturkana anajua kwamba kwao kuomba si aibu. Mtu humwomba mwenzake tumbaku, maji au mbuzi huku akimtazama machoni. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia aliyechapisha mwaka 1955 kitabu juu ya mifugo ya Waturkana na Wajie, alionyesha jinsi kila mwenye boma alivyozungukwa na watu wa kuombana nao wanyama, ndugu, wakwe na marafiki, na jinsi watu hao walivyokuwa ndio akiba yake. Aliyepewa leo ataombwa kesho, na wote wawili wanalijua hilo wanapopeana. Katika sadaka ya namna hii hakuna anayebaki mpokeaji maisha yake yote.

Na jinsi ninavyoielewa mimi, anayekuja kuomba ngitit anatamka mbele ya watu kwamba mti ule una mwenyewe. Asiyeitambua haki hiyo angechukua tu. Ombi lake ni ushahidi, na kila kiangazi ushahidi huo hutolewa upya, bila karani wala hati.

Hekima ya aina hii imekuja Lodwar kwa njia nyingine pia. Katika makanisa ya mji husomwa agizo la Mambo ya Walawi kwamba mwenye shamba asivune mpaka pembeni, na asiokote zabibu zilizoanguka. Hizo ni za maskini na za mgeni. Ruthu, mjane na mtu wa taifa jingine, aliishi kwa agizo hilo katika shamba la Boazi. Misikitini hufundishwa maneno ya Mtume kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huhesabiwa sadaka kwake. Mafundisho haya mawili na desturi ya ekwar hayakutoka chemchemi moja, lakini yanakubaliana kwamba wema wa mti unaanza pale ambapo asiye na mti anaweza kuufikia.

Hata hivyo, kijani kinaweza kuletwa kwa jina la msaada kikawa mzigo, na Turkana inalijua hilo kuliko mahali pengi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mipango ya misitu na ya misaada ilisambaza katika sehemu kavu za Kenya mti kutoka Amerika, Prosopis juliflora, ambao Wakenya huuita mathenge na Waturkana etirae. Ulikusudiwa kuzuia mchanga na kutoa kuni na kivuli, na kweli ulivitoa. Kisha ukaendelea. Mbuzi walikula maganda yake matamu wakazisambaza mbegu, mafuriko yakazibeba mbali zaidi, mizizi ikazama kufuata maji, na leo kingo za mito ya Turkwel na Tarach zimeshonwa vichaka vya miiba ambamo mche wa ewoi hauoni jua. Huko Baringo watu wa Ilchamus waliipeleka serikali mahakamani, wakaja na mbuzi aliyepoteza meno kwa sababu ya maganda hayo. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu. Huu ndio msitu wa kigeni ambao Turkana inao kwa wingi kuliko wowote, na ulipandwa na watu waliotaka kusaidia.

Sisemi kwamba ugeni wenyewe ni kosa. Mwarobaini ulitoka upande wa Bara Hindi, na leo ni nani Lodwar au Kakuma angekubali ukatwe ule uliopo mlangoni pake? Kule pwani, Bamburi, René Haller alipoanza mwaka 1971 kuotesha miti katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, alijaribu aina 26. Baada ya miezi michache ni tatu tu zilizokuwa zimestahimili mwamba ule wenye chumvi, mojawapo ikiwa mvinje. Majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza, mpaka alipoleta majongoo wakayatafuna na kuyageuza udongo. Mwaka 1984 watu walianza kukaribishwa kutembea humo, na hadi leo watoto wa shule wa Mombasa huenda kutazama viboko na kobe mahali palipokuwa jangwa la mawe. Ni kana kwamba Haller aliuuliza kila mmea maswali mawili: utaishi kwa kutegemea nini hapa, na nani atakula unachokiangusha? Walioleta mathenge waliuliza la kwanza. La pili lilijibiwa baadaye na mbuzi wa Ilchamus.

Mbuzi huyohuyo ana jibu jingine pia. Mwaka 1995 Robin Reid na James Ellis walichapisha utafiti wao wa Turkana kusini, wakionyesha kwamba ewoi huota kwa wingi katika maboma yaliyohamwa. Mifugo ilikula maganda, ikaacha mbegu ndani ya samadi, na samadi ikautunza unyevu wa mvua ya kwanza. Mfugaji, aliyelaumiwa kwa miaka mingi kama adui wa mti, alikuwa mpandaji wake. Ukiwa na jicho la kutazama, utajua alipolala mbuzi wa babu wa mtu kwa kuangalia wapi migunga imesimama pamoja.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni safari ya kilomita kama 120, na hapo swali la nani anamfungulia nani linageuka.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, ilipowapokea maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea hadi Ethiopia, wakafukuzwa na vita, wakatembea tena hadi Kenya. Baada yao walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waganda. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalianza jirani, yakiwa na nia ya kuwaweka wakimbizi na wenyeji kwenye huduma zilezile. Leo sehemu hizo mbili zina wakimbizi takriban laki tatu, kando ya lagha ya Tarach ambayo siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu.

Mgeni aliyefika kando ya Tarach akitafuta kuni za kupikia mgao wake aliona kichaka kisicho na ua, akadhani hakina mwenyewe. Mturkana alimwona mtu asiyemjua akikata mti wa familia yake bila kuomba. Wote wawili walikuwa na njaa, na wote wawili walijiona wameonewa. Wanawake wa kambini walishambuliwa vichakani, na chuki ikaota mizizi. Baadaye ulipatikana utaratibu wa wenyeji kuleta kuni, mashirika yakazigawa kambini, na wanawake wa Kiturkana wakawa wanauza mkaa na kuni mlango kwa mlango. Ugomvi ule ulihusu kuni kwa nje, na kwa ndani ulihusu ombi ambalo halikutolewa, kwa sababu aliyepaswa kulitoa hakujua kwamba kuna wa kuombwa.

Naandika hili kwa sababu wanaotaja ukarimu wa Kakuma huanza na magunia ya msaada, na magunia yalikuja baadaye. Watu wa kwanza kufungua lango walikuwa wenye miti ya Tarach. Walifungua ardhi yao, kisima chao na kivuli chao, na kwa miaka mingi malori ya chakula yaliwapita yakielekea kambini, huku ukame ukiwamalizia mifugo. Anayetaka leo kufungua bustani Turkana kwa ajili ya hisani aingie katika safu hiyo kwa unyenyekevu. Hajaanzisha kitu, anajiunga na watu waliokwisha kufungua zaidi ya alivyonavyo yeye.

Na ndani ya kambi nako kumeota bustani. Watu wamefundishwa kulima kwenye gunia. Unalisimamisha gunia, unaweka katikati kopo lililotolewa kitako na kulijaza kokoto, unazungushia udongo uliochanganywa na samadi, unalivuta kopo juu kidogo na kulijaza tena, mpaka nguzo ya kokoto inasimama kutoka chini hadi juu. Maji yakimwagwa kwenye kokoto hufika hadi chini bila kupotea. Ubavuni unatoboa matundu, unapandikiza sukuma wiki na mchicha. Ardhi inayohitajika ni ya upana wa beseni. Kwingine hulimwa matuta yaliyozama chini ya usawa wa ardhi ili yashike kila tone. Na katika mitaa ya watu waliotoka Kongo na Burundi kuna mgomba uliopandwa nyuma ya bafu, kwa sababu maji ya kuogea ndiyo mvua yake.

Huo ndio msitu wa kigeni ninaoufikiria ninapoona migomba ya Lodwar ikichungulia juu ya ukuta. Aliyeupanda hana ukuta. Ana ua wa miiba, pengine mabati mawili. Alikuja na kumbukumbu ya kilima chenye ukungu, akaukabidhi mmea kumbukumbu hiyo na maji aliyokwisha kuyatumia. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua na mgao wa chakula ukashuka hadi chini ya theluthi ya kiwango kamili, majani ya gunia yaligeuka kuwa chakula chenyewe cha jioni. Bado ungemkuta mama akimchumia jirani aliyekuja na sahani tupu. Anayekuja na kuni anaondoka na fungu la mchicha, anayekuja na maziwa ya mbuzi anaondoka na papai. Mturkana na Mrundi wanaelewana bei kwa Kiswahili ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Hapo lango linafunguka pande zote mbili, na anayetoa asubuhi ndiye anayepokea jioni.

Nikirudi Lodwar na yote haya, ninamwambia nini mwenye bustani?

Ninamwambia afungue, na afungue kiangazi. Baada ya mvua kila mtu ana jani la kutazama. Januari na Februari, upepo ukiwa unawaka, kivuli kinakuwa kitu cha kweli, na anayeingia atajua kwamba alikaribishwa alipohitaji.

Wanaoweza kulipa kiingilio walipe, na walipe vizuri: watumishi wa kaunti, wafanyakazi wa mashirika, wafanyabiashara, wageni waliomo mjini. Lakini siku hiyohiyo, kwa lango lilelile, waingie pia wale ambao fedha zinakusanywa kwa ajili yao, bila kulipa na bila kutengewa saa yao. Hisani ambayo mhitaji hawezi kuiona kwa macho yake humfanya awe habari inayosimuliwa na wengine. Akiketi chini ya mgomba uleule, akanywa chai kwenye kikombe cha namna ileile, anakuwa mtu anayeweza kusema anachotaka.

Mwenye bustani aeleze maji yake. Aseme yametoka wapi, ni kiasi gani kwa wiki, na ni mangapi kati yake yalikwisha kuoshea vyombo au nguo kabla hayajafika kwenye shina. Aonyeshe gunia la mboga karibu na bogenvilia. Mgeni atakayejifunza kukuza sukuma wiki kwa maji ya kunawia ameondoka na kitu ambacho hakimalizwi kwa kutumika. Na miche itakayouzwa au kugawiwa ichaguliwe kwa maswali ya Haller yote mawili: mwarobaini kwa kivuli, mpapai kwa watoto, ekalale kwa matunda, na ewoi, hata kama aliyeupanda atakuwa mzee kabla haujamwangushia maganda. Mmea wowote usiojulikana tabia yake ubaki ndani ya ukuta.

Fedha zikishapatikana, matumizi yake yajadiliwe na watu wa mtaa, wanawake na wanaume, mahali pa wazi. Wanaweza kuamua ziende hospitalini, au shuleni, au kwenye kisima. Wanaweza kuamua ziende kung'oa mathenge kwenye kingo za Turkwel, ambako ekwar za kale zinasongwa huku mji ukizidi kunenepa kuelekea mtoni, na ambako, tangu bwawa la Turkwel lilipokamilika mwaka 1991, mafuriko yaliyokuwa yakilowesha msitu hayaji kwa desturi yake ya zamani. Lingekuwa jambo la haki kabisa bustani mpya ya mjini kuulipia uhai msitu mkongwe ulioifundisha Turkana jinsi ya kugawana.

Na ajue mapema kwamba lango likishafunguliwa siku moja, halitarudi kuwa lilivyokuwa. Jirani aliyeingia atakuja tena siku ambayo si ya sherehe. Ataomba majani ya mwarobaini ya kuchemsha, ataomba mche, ataomba mtungi mmoja wa maji, ataomba mama yake mgonjwa aketi kivulini mpaka jua lipoe. Mwenye bustani ampokee bila kuona kwamba amevamiwa. Kwa ukuta na hati alikuwa na haki ya kumzuia mtu asiingie. Kwa kuombwa anapata haki ambayo hakuna ofisi ya ardhi inayoweza kuitoa: watu wa Lodwar wanasema, kwa vinywa vyao wenyewe, kwamba miti ile ni yake.